Swords to Plowshares ya San Francisco: tathmini ya shirika linalompa askari wa zamani nyumba pamoja na wakili

Miongoni mwa Waswahili wanaoishi Marekani wamo vijana walioingia katika jeshi la nchi hiyo wakiwa bado wahamiaji. Wengine waliingia wakiwa na kibali cha ukaazi wa kudumu, na wengine walipitia mpango ulioitwa MAVNI, ulioanza mwishoni mwa mwaka 2008 na kusitishwa mwaka 2016, ambao uliwachukua watu wenye viza za muda kwa sababu ya ujuzi wao wa tiba au wa lugha, Kiswahili kikiwa mojawapo ya lugha zilizotajwa katika orodha yake. Vijana hao wamekuwa watu wazima, wengi wao wamekwisha kuvua sare, na baadhi wanahangaika na mambo ambayo ndugu zao nyumbani hawayajui: kodi ya pango, usingizi usiokuja, madai ya fidia yaliyokataliwa, na barua za kiserikali zisizoeleweka hata kwa msomi. Katika eneo la Ghuba ya San Francisco, ninakoishi, mtu akiniuliza amwelekeze wapi askari wa namna hiyo, mimi humtajia kwanza shirika la Swords to Plowshares. Hapa naeleza kwa nini, na pia nani asilitegemee hilo peke yake.

Shirika hili lilianzishwa San Francisco mwaka 1974, mwaka mmoja kabla ya Saigon kuanguka, na vijana waliokuwa wamerudi kutoka vita vya Vietnam. Si chombo cha serikali wala halitafuti faida, na anayehudumiwa halipi chochote kwa ushauri wala kwa uwakili. Tangu mwanzo lilijishughulisha na watu ambao vyama vikubwa vya wanajeshi wa zamani havikuwa na hamu nao: waliotoka jeshini kwa ugomvi na wakubwa wao, walioanza kutumia heroini wakiwa vitani, waliotoroka kambini kwa siku kadhaa kisha wakafukuzwa, na waliougua kwa sababu ya kemikali ya kupukutisha majani iliyomwagwa juu ya misitu ya Vietnam. Michael Blecker, aliyeliongoza kwa miongo mingi, naye alipigana Vietnam. Nayataja haya kwa sababu mwelekeo huo wa awali ndio unaolitofautisha hadi leo, na ndio sababu kubwa ya mimi kulisifu.

Ili msomaji aelewe uzito wake, ni lazima aijue karatasi moja. Kila anayeondoka katika jeshi la Marekani hupewa hati iitwayo DD-214, inayoonyesha alianza lini, alihudumu wapi, alipata nishani zipi na aliondokaje. Kisanduku namba 24 katika hati hiyo ndicho kinachoamua mambo mengi ya maisha yake ya baadaye, kwa sababu humo ndimo huandikwa kama aliondoka kwa heshima au vinginevyo. Kisanduku namba 28 hueleza sababu ya kuondoka kwa maneno machache tu, ambayo mwajiri, mwenye nyumba au karani anaweza kuyasoma kwa jicho baya. Mpwa wangu, aliyehudumu na kuondoka kwa heshima kamili, aliwahi kunipigia simu akiwa amefadhaika: "Mjomba, hati ninayo mkononi, mbona wananiambia haijakamilika?" Alikuwa ameshika nakala fupi, ile inayoitwa Member-1, ambayo haina sehemu ya chini yenye visanduku hivyo. Nakala inayotakiwa karibu kila mahali ni ndefu, inayoitwa Member-4. Ni jambo dogo, lakini watu wamezungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine kwa sababu ya tofauti hiyo bila mtu hata mmoja kuwaambia kinachokosekana.

Kwa yule ambaye kisanduku chake namba 24 hakikuandikwa maneno mazuri, shida ni kubwa zaidi. Kwa miaka mingi mtu wa namna hiyo akifika katika zahanati au ofisi ya Wizara ya Maveterani, yaani wizara ya serikali ya Marekani inayowahudumia askari wa zamani, alirudishwa mlangoni, wakati mwingine na karani ambaye hakuwa hata na mamlaka ya kuamua. Mwaka 2016 shirika hili, likishirikiana na kliniki ya sheria ya wanajeshi wa zamani ya Chuo Kikuu cha Harvard, lilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba watu wapatao 125,000 waliohudumu baada ya mwaka 2001 walikuwa wamefungiwa nje ya huduma za Wizara, ingawa sheria iliyotungwa na Bunge ilikuwa na upana wa kutosha kuwaruhusu wengi wao. Pamoja na ripoti hiyo iliandamana hoja rasmi ya kuitaka Wizara ibadilishe kanuni zake. Ilichukua miaka minane. Kanuni mpya zilitoka mwaka 2024. Miaka minane ni mingi mno kwa mtu anayelala ndani ya gari, na sitaki kulipamba jambo hilo, lakini nimeona mashirika mengi ya hisani yanayogawa mablanketi mwaka hadi mwaka bila kuuliza ni kanuni gani inayomfanya mtu ahitaji blanketi. Hili liliuliza, likaandika, likasubiri, na kanuni ikabadilika.

Wahamiaji wana sababu ya ziada ya kulijali suala hili. Uraia wa Marekani uliopatikana kwa njia ya utumishi wa jeshi unaweza kufutwa iwapo mhusika ataondolewa jeshini bila heshima kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi wa heshima. Kwa hiyo kijana kutoka Mombasa au Tabora ambaye aliingia jeshini, akaapishwa kuwa raia, kisha akaharibikiwa katika mwaka wake wa tatu kwa sababu ya ulevi uliotokana na kiwewe cha vita, anaweza kupoteza nyumba, matibabu na uraia kwa tukio hilo moja. Mtu aliye katika hali hiyo anahitaji wakili kabla hajahitaji godoro, na mashirika mengi ya nyumba hayana wakili wa kumpa.

Swords to Plowshares wanao mawakili, nao wanafanya kazi bega kwa bega na maofisa ustawi wa jamii na maofisa wanaoshughulikia nyumba. Ndiyo nguvu yao hasa. Askari wa zamani anayetaka aina yake ya kuondoka jeshini irekebishwe ana njia kuu mbili. Ikiwa haijapita miaka 15 tangu aondoke, anaweza kupeleka fomu ya DD-293 kwa bodi inayopitia upya uamuzi wa kumwondoa. Ikiwa imepita, hupeleka fomu ya DD-149 kwa bodi ya kusahihisha kumbukumbu za jeshi. Fomu zenyewe ni fupi. Kazi iko katika ushahidi: cheti cha daktari, barua za waliokuwa naye kikosini, kumbukumbu za hospitali, na maelezo yanayounganisha kosa lililomfukuzisha na maradhi ambayo jeshi halikuyatambua wakati ule. Mtu asiye na anwani hapokei barua, na asiyepokea barua hukosa tarehe ya kusikilizwa shauri lake, kisha shauri hufungwa. Vivyo hivyo, mtu aliyepewa chumba lakini hana kipato kwa kuwa madai yake ya fidia ya ulemavu yalikataliwa, atashindwa kulipa hata sehemu yake ndogo ya kodi na atarudi barabarani. Wakili na ofisa wa nyumba wakiwa wafanyakazi wa shirika moja, mambo haya mawili hufuatiliwa kwa pamoja, na mhusika halazimiki kuisimulia historia yake chungu upya kila anapofika dirisha jingine. Wanaosumbuliwa na kiwewe watakuambia kwamba kusimulia upya peke yake ni adhabu.

Ofisi yao ya San Francisco iko katika Jengo la Maveterani kwenye barabara ya Van Ness, karibu na ukumbi wa jiji. Ni jengo lile lile ambalo ndani ya ukumbi wake wa maonyesho Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulitiwa saini tarehe 26 Juni 1945. Wana huduma pia upande wa pili wa Ghuba, Oakland, na hilo ni muhimu kwa watu wetu, kwani Waafrika Mashariki wengi wa eneo hili hawaumudu mji wa San Francisco na wamepanga Oakland au mbali zaidi.

Upande wa nyumba, kazi yao inaonekana vizuri zaidi mtu akiyatazama majengo. Katika Presidio, kambi iliyoanzishwa na Wahispania mwaka 1776 na kuachwa na jeshi la Marekani mwaka 1994, wanaendesha makazi ya kudumu kwa askari wa zamani waliokuwa wakiishi mitaani. Katika namba 150 ya barabara ya Otis lipo jengo la ghorofa tisa lililojengwa mwaka 1916 kuwa mahakama na mahabusu ya watoto. Lilikarabatiwa kwa ushirikiano na shirika la maendeleo ya makazi la Chinatown na kufunguliwa mwaka 2012 likiwa na nyumba 76 ndogo. Huko Mission Bay kuna jengo la mwaka 2020 lililopewa jina la meya Edwin M. Lee, na hili nalipenda kuliko yote kwa jinsi lilivyopangwa: nyumba 62 ni za askari wa zamani waliokuwa hawana makazi, na zilizobaki ni za familia za kipato cha chini. Watoto wanacheza pale ambapo mzee wa miaka sabini anapita na fimbo yake. Mtu aliyezoea maisha ya uswahilini, ambako kila umri uko nje jioni, ataona upesi kwamba mpangilio huo una afya zaidi kuliko jengo lililojaa wanaume wapweke watupu, kila mmoja nyuma ya mlango wake.

Jengo jipya zaidi ninalolifahamu ni la Maceo May, lenye nyumba 105, lililofunguliwa mwaka 2023 kwenye Treasure Island, kisiwa kilichojengwa kwa mikono ya watu katika miaka ya 1930 na kuwa kituo cha jeshi la majini hadi mwaka 1997. Vyumba vyake vilitengenezwa kiwandani na kupandishwa kimoja juu ya kingine. Mvua kubwa ya Oktoba 2021 ilivikuta havijaezekwa ipasavyo, maji yakaingia na kazi ikachelewa sana. Nyumba hatimaye zikakamilika na watu wakahamia, lakini nina wasiwasi na mahali penyewe. Kisiwa kimeunganishwa na mji kwa daraja moja, upepo wake ni mkali, na ardhi yake imekuwa ikisafishwa kwa miaka mingi kutokana na uchafuzi ulioachwa na jeshi la majini. Mtu mwenye gari hataona tabu; mzee anayekwenda hospitali ya maveterani ya Fort Miley, iliyoko upande wa pili kabisa wa San Francisco, atatumia nusu ya siku yake ndani ya mabasi. Ningeshauri anayepewa nafasi huko aulize kwanza kuhusu usafiri wa kwenda kliniki kabla hajatia saini.

Kodi ya nyumba hizi hulipwaje? Kwa kawaida kwa mpango wa serikali ya shirikisho unaojulikana kama HUD-VASH, ambao Wizara ya Nyumba hutoa hati ya ruzuku na Wizara ya Maveterani humpa mhusika ofisa ustawi wa kumfuatilia. Mpangaji huchangia takriban asilimia 30 ya kipato chake, na ruzuku hulipa kiasi kinachobaki. Asiye na kipato hulipa kidogo sana. Mpango huu ndio uliobadilisha hali kote nchini. Hesabu ya usiku mmoja ya Januari 2024 ilikuta askari wa zamani 32,882 wasio na makazi katika Marekani nzima, chini ya nusu ya idadi ya mwaka 2010, na hayo yalitokea katika mwaka ule ule ambao idadi ya jumla ya wasio na makazi ilipanda kwa asilimia 18 na kufikia zaidi ya 770,000. Kwangu takwimu hizo mbili zikiwekwa pamoja zinathibitisha jambo ambalo wengi hulibishia, kwamba watu wanaolala nje hawalali nje kwa kupenda. Palipotengwa fedha za pango na mtu wa kuwafuatilia, waliingia ndani na wakakaa.

Ilikuwepo kasoro moja iliyoniudhi kwa miaka. Fidia ya ulemavu ilihesabiwa kama kipato, hivyo askari aliyeumia vibaya zaidi, na kwa hiyo kulipwa fidia kubwa zaidi, aliweza kuambiwa kwamba ana fedha nyingi mno kupata nyumba iliyojengwa kwa ajili ya askari kama yeye. Agosti 2024 Wizara ya Nyumba ilibadilisha utaratibu huo kwa wenye hati za HUD-VASH, ili fidia hiyo isiwe kikwazo cha kukubaliwa. Wale waliokataliwa kabla ya tarehe hiyo wanapaswa kuomba tena, na nadhani wengi hawajui.

Kwa anayetaka kupanga nyumba ya mtu binafsi kwa hati ya ruzuku badala ya kuishi katika majengo ya shirika, ajiandae kwa usumbufu. Mpwa wangu alipata mwenye nyumba mmoja, katika mji ambao siutaji, aliyemwonyesha chumba, akakubali kodi, akaomba nakala za vitambulisho, kisha aliposikia neno ruzuku akasema chumba kimeshachukuliwa. Tangazo la chumba hicho liliendelea kuwepo. Kwa sheria ya California, tangu mwanzo wa mwaka 2020, kumkataa mpangaji kwa sababu tu analipa kwa ruzuku ya pango ni kosa. Kuijua sheria na kuitumia ni mambo mawili tofauti, na hapo ndipo mshauri wa nyumba anayewafahamu wenye nyumba waaminifu anapookoa miezi ya mtu. Mpwa wangu alisaidiwa na fungu jingine la fedha za Wizara ya Maveterani linalopitia mashirika kama haya, linaloweza kulipa amana na kodi ya mwanzo kwa mtu ambaye bado hajaanguka kabisa. Aliingia ndani kabla ya akiba yake kwisha, na nashukuru kwa hilo kila ninapomwona.

Sasa upungufu. Kwanza, nyumba nyingi katika majengo yao ni chumba kimoja chenye jiko na bafu ndani. Zilipangwa kwa kumfikiria mwanamume wa rika la Vietnam anayeishi peke yake, na kwa huyo zinafaa. Askari wa zamani wa kwetu mara nyingi ana mke au mume, watoto wawili, na mama mzazi anayekuja kukaa miezi sita kulea wajukuu. Familia ya namna hiyo haitatoshea humo, na ni bora iombe mapema hati ya ruzuku inayotumika nyumba yoyote. Pili, hakuna kuingia moja kwa moja. Nafasi za makazi ya kudumu San Francisco hugawanywa kupitia utaratibu wa pamoja wa jiji unaopima nani ana hali mbaya zaidi, kwa hiyo shirika lenyewe haliwezi kukupa ufunguo kwa sababu tu umewahi kufika na umejieleza vizuri. Wapo watakaoona kwamba wamedharauliwa. Ukweli ni kwamba foleni haiko mikononi mwa anayezungumza nawe. Tatu, kuwaweka pamoja watu wengi wenye majeraha ya akili na uraibu kunahitaji maofisa wengi wenye uzoefu, na katika mji wenye maisha ghali kama huu ni vigumu kwa shirika lolote la hisani kuwabakiza watu hao kazini kwa mishahara linayoweza kulipa. Anayebadilishiwa ofisa ustawi huanza upya kujenga imani, jambo gumu sana kwa mtu aliyefunzwa kutomwamini asiyemjua.

Kuhusu ajira na mafunzo sina mengi ya kusema zaidi ya kwamba wanafanya kazi hiyo kwa bidii, ila vijana wetu wengi wenye elimu ya chuo watapata msaada mkubwa zaidi kupitia malipo ya masomo ambayo Wizara ya Maveterani huwapa waliotoka jeshini. Mahali ambapo sijaona wa kuwafikia ni katika kuwashughulikia wazee. Askari wa Vietnam leo ni wa miaka sabini na kuendelea, na katika majengo haya wanazeeka wakiwa na maradhi ya moyo, kisukari na upweke, wengi hawana ndugu anayewapigia simu. Kumhudumia mzee wa namna hiyo ndani ya chumba chake, ili asipelekwe kwenye nyumba ya wagonjwa kabla ya wakati, ni kazi isiyoleta picha za kuwavutia wafadhili. Wao wameibeba, na hilo pekee lingetosha kunifanya niwachangie.

Anayetaka kwenda kwao, au kumpeleka ndugu, achukue nakala ndefu ya DD-214, kitambulisho, cheti cha uraia au kadi ya ukaazi, barua zote alizowahi kupata kutoka Wizara ya Maveterani hata zile za kumkatalia, na kama ana cheti chochote cha daktari kutoka enzi za jeshi, asikiache nyumbani. Asiyejua Kiingereza cha sheria vizuri aombe mkalimani mapema, au aende na mtu anayemwamini. Aliye nje ya California na hana pa kulala anaweza kupiga 877-424-3838, simu ya Wizara kwa askari wa zamani wasio na makazi, inayopokelewa saa zote. Na kwa ndugu anayeona dalili za mtu kutaka kujidhuru, namba ni 988 kisha abonyeze 1. Apige hata kama mwenyewe anakataa, na hata kama aina yake ya kuondoka jeshini haikuwa ya heshima, kwa sababu kwenye simu hiyo hakuna anayeuliza kisanduku namba 24.